Siku za Mwenyezi Mungu na Mimbari za Garissa

Kila umma una kalenda yake, na kalenda si hesabu ya tarehe tu. Ni daftari la mambo ambayo watu wameazimia wasiyasahau. Ukitaka kujua watu fulani wanachelea nini na wanamshukuru Mungu kwa lipi, zitazame sikukuu zao, kisha umsikilize anayepanda mimbarini siku hiyo.

Katika Sura Ibrahim, Nabii Musa (A.S.) anaamrishwa awatoe watu wake gizani awatie katika nuru, na awakumbushe siku za Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wa tafsiri wameeleza kuwa siku hizo ni za neema na za mitihani pia. Na sote tuliopita chuoni twaijua habari ya Ashura. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wamefunga, akaelezwa kuwa ndiyo siku ambayo Mungu alimwokoa Musa na kumgharikisha Firauni. Mtume akasema kuwa sisi tuna haki zaidi na Musa, akafunga, na akaamrisha watu wafunge. Basi kuuliza Mayahudi hukumbuka nini, na hukumbuka vipi, si jambo geni katika dini yetu.

Mayahudi huadhimisha ukombozi huo kila mwaka katika sikukuu yao ya Pasaka. Usiku huo huketi jamaa nzima mezani. Huliwa mkate usiotiwa hamira, kwa kuwa wazee wao waliondoka Misri kwa haraka na unga haukupata nafasi ya kuumuka. Huliwa na mboga chungu, ili ulimi nao uonje ule utumwa. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye aulizaye kwa nini usiku huu hauwi kama mwingine, na wakubwa hawana budi kumjibu. Tena wanapofika kwenye mapigo kumi yaliyowashukia Wamisri, kwa kila pigo hutoa tone moja katika kikombe cha divai, kinywaji ambacho kwetu ni haramu. Walimu wao wengi hueleza kuwa matone hayo hupunguza furaha, kwa sababu hata adui aliyeangamia alikuwa kiumbe wa Mungu.

Walimu hao wa Kiyahudi huitwa marabi, nao wako hata huku kwetu Afrika Mashariki. Karibu na Mbale, Uganda, waishi Abayudaya, watu ambao dini yao ilianza kwa Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, masinagogi yao yakafungwa, wakawa wanasali kwa kujificha. Tusione haya kusema kuwa mtawala huyo alikuwa mwenzetu katika dini. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, 1979, na jioni hiyo hiyo ndipo Pasaka ya Mayahudi ilipoingia. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea ualimu huo Marekani, akathibitishwa mwaka 2008, akarudi kwao, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa Mbunge. Kwa watu kama hao, rabi anayesimulia habari za Firauni hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Sikukuu ya kale na habari ya jana hukutana katika maneno yake.

Nimeutaja mfano huu kwa sababu katika nchi yetu liko jimbo ambalo siku zake ni nzito, na sikukuu zake zapita bila ya siku hizo kutajwa. Nalo ni Kaskazini Mashariki: Garissa, Wajir na Mandera. Si watu wa mbali kwetu. Mto Tana upitao Garissa ndio huo huo umwagao maji yake baharini Kipini.

Jimbo hilo liliwekwa chini ya sheria ya hali ya hatari tangu miaka ya vita vya Shifta hadi mwaka 1991. Mwezi wa Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi, Garissa, ulitiwa moto. Tarehe 10 Februari, 1984, siku ya Ijumaa, wanaume wa kabila la Degodia walikusanywa na askari katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa bila ya maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikubali kuwa huenda walifika karibu elfu moja.

Huo ni ukurasa mmoja wa daftari, ukurasa wa dhuluma waliyotendewa. Ukurasa wa pili ni mchungu zaidi kuusoma, maana ni wa dhuluma iliyotendwa kwa jina la dini yetu. Tarehe 22 Novemba, 2014, abiria 28 wasiokuwa Waislamu walitengwa na wenzao katika basi lililotoka Mandera, wakauawa. Tarehe 2 Aprili, 2015, siku tatu kabla ya Pasaka ya Wakristo, washambuliaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Wanafunzi waliokuwa wakisali sala yao ya asubuhi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Jumla walikufa watu 148.

Rai yangu ni hii. Khatibu wa Idd katika Garissa azisome kurasa zote mbili, mbele ya watoto waliovaa nguo mpya. Akiusoma ule wa kwanza peke yake, atakuza kinyongo. Akiusoma wa pili peke yake, atawafanya watu wake waonekane kana kwamba wamezaliwa na hatia. Na akinyamazia yote mawili, kama ifanyavyo aghalabu ya khutuba za Idd, huko na huku kwetu Pwani, zinazoishia kwenye zaka, kuchinja na kuwatii wazee, basi mtoto atakwenda kuuliza kwingine. Hao wa kwingine wanaopenda kumjibu twawajua. Ndio waliolisimamisha lile basi.

Nasikia pingamizi mbili. Ya kwanza, kwamba siku ya Idd ni ya furaha, haifai kutonesha vidonda. Lakini kidonda kilichofunikwa bila ya kuoshwa hakiponi, huoza. Ya pili, kwamba kumbukumbu huzaa kisasi. Hiyo ina uzito. Tarehe 7 Oktoba, 2023, siku ya sikukuu ya Kiyahudi ya kuifurahia Taurati, Hamas waliingia Israeli na watu wapatao 1,200 wakauawa. Vita vilivyofuata viliua makumi ya maelfu ya watu wa Gaza, wanawake na watoto wakiwa wengi. Taurati yenyewe yawakataza mara nyingi wasimwonee mgeni, kwa kuwa nao walikuwa wageni Misri. Wako marabi walioikumbuka amri hiyo wakapaza sauti, na wako waliokumbuka maadui wa kale tu wakahubiri maangamizo. Meza ile ile, mboga chungu ile ile, lakini wengine wamesahau yale matone. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Sisi tunaolia kwa ajili ya Gaza, na tuna haki ya kulia, tujiulize kama tumewalilia wanafunzi wa Garissa kwa sauti ile ile.

Kwa hiyo jibu la pingamizi hiyo ni kukumbuka kwa ukamilifu, pamoja na yale matone. Na Kaskazini Mashariki haina haja ya kuazima mifano. Wakati wa Wagalla, Annalena Tonelli, Mkristo kutoka Italia aliyekuwa akiwauguza wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, aliwaokoa majeruhi na kusaidia habari ifike nje, hata akalazimika kuiacha Kenya. Tarehe 21 Desemba, 2015, siku chache kabla ya Maulidi na Krismasi, basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak. Wauaji walitaka abiria watengane kwa dini zao. Waislamu wakakataa, na wanawake wakawafunika Wakristo kwa hijabu zao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Hizi nazo ni siku za Mwenyezi Mungu, na Wakristo na Waislamu wote wana haki ya kuzisikia.

Masheikh wa Garissa ni watu wa elimu na ushujaa, na baadhi yao wamehatarisha roho zao kwa kuwapinga wauaji hao. Siwafundishi dini. Naomba tu kwamba Idd ijayo, baada ya takbira, mtoto wa Garissa asikie jina la Wagalla na jina la Chuo Kikuu katika khutuba moja, kisha waombewe dua wote waliodhulumiwa, bila ya kuulizwa walikuwa wa kabila gani wala wa dini gani. Na sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu tusingoje waanze wao.