Njia ya Kichaa cha Mbwa Imekwisha Kujulikana

Hapa Babati mbwa ni mlinzi wa zizi. Usiku hubweka fisi wakikaribia mifugo, na asubuhi mbwa huyo huyo huwafuata watoto malishoni. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuunyamazia ugonjwa wa kichaa cha mbwa.

Mwaka 2007 wataalamu wa Taasisi ya Salk, huko California, Marekani, walieleza namna ya kuzifuatilia njia za neva katika ubongo kwa kuvitumia virusi vya ugonjwa huo. Virusi hivyo vina tabia ya kurudi nyuma, kutoka seli iliyopokea ujumbe hadi seli iliyoutuma, mithili ya mtu afuataye mto kuelekea chemchemi. Wataalamu waliviondolea jeni inayoviwezesha kuvuka, wakaipa seli ya kuanzia peke yake jeni hiyo, wakavitia na nyingine ing'aayo. Virusi vikavuka hatua moja tu na kukwama, na njia yao ikaonekana chini ya hadubini.

Mbinu hiyo sasa imeenea katika maabara za dunia, na hatuna kijicho nayo. Lakini tabia iyo hiyo ndiyo inayompa nafasi mtoto aliyeumwa mguuni. Virusi havifiki ubongoni siku ile ile. Vinapanda kwenye neva polepole, na kwa kawaida dalili hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa pengine ni wiki moja tu. Katika muda huo jeraha likioshwa mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, na chanjo ikatolewa bila kuchelewa, mtoto atapona. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister tarehe 6 Julai 1885. Ni aibu kwamba hadi leo mzazi wa kijijini ahesabu kwanza nauli ya basi, tena ya kwenda na kurudi kwa kila sindano.

Ndugu zetu wa Visiwani watauliza: mbwa wa Babati watuhusu nini? Babati ni njia panda ya Arusha, Singida na Dodoma, na Pemba imekwisha kuonja matokeo ya kulegea. Kwa kuwachanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka, minyororo yote mitano ya maambukizi iliyokuwapo tangu 2010 ilikatika kufikia Mei 2014. Kisha uchanjaji ukalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje, mara mbili, kama wataalamu walivyogundua kwa kuzisoma jeni za virusi. Uchanjaji ukarudishwa, na Oktoba 2018 ukakomeshwa tena. Hakuna sindano ya binadamu ingeweza kufanya hivyo. Humwokoa aliyeumwa, wala haimzuii mbwa kumwambukiza mbwa mwingine.

Shirika la Afya Duniani na wenzake wameazimia kwamba ifikapo 2030 asife mtu kwa ugonjwa huu utokanao na mbwa. Kiwango kinachotakiwa ni mbwa 70 kati ya kila 100. Bwana mifugo asiye na pikipiki wala jokofu hawezi kukifikia. Tunawaomba wakuu wa Serikali, Bara na Visiwani, watenge fungu la chanjo ya mbwa katika makadirio ya kila mwaka, hata katika mwaka ambao hakuna aliyeumwa, na chanjo ya binadamu iwekwe karibu na vijiji.