Wewe unadaiwa cheti cha maadili, mwenye tenda haulizwi alimchangia nani

Ukisaka kazi Nairobi, hasa ya serikali, unajua shughuli yake. Unaenda kupigwa alama za vidole ndipo DCI wakupe cheti cha maadili mema. Unatafuta cheti cha KRA kuonyesha hudaiwi ushuru. HELB nao wanataka kujua mkopo wa chuo umefika wapi. Yote haya, na bado hujaitwa hata mahojiano. Na pengine mshahara wenyewe utaishia kwa kodi ya nyumba na nauli.

Sasa geuza macho umtazame mwenye kampuni anayeomba kandarasi ya barabara ya mamilioni, au kibali cha kujenga ghorofa kumi na tano mtaani kwenu. Naye anajaza fomu, tena nyingi. Anaandika wakurugenzi ni nani na kila mmoja ana hisa ngapi. Anatia sahihi kwamba hajafungiwa kufanya biashara na serikali, na kwamba hatatoa hongo. Sawa kabisa. Lakini kuna swali moja ambalo hakuna anayemuuliza: je, wewe au kampuni yako mmewahi kuvunja sheria kwa pesa mlizompa mwanasiasa wakati wa kampeni?

Usiseme hilo halikuhusu. Anayemlipia mgombea mabango, magari na fulana hatoi sadaka. Wengi huhesabu pesa hizo kama mbegu, na mavuno ni tenda na vibali. Mheshimiwa akishaingia ofisini, deni linaanza kulipwa, na anayelipa si yeye. Unalipa wewe, kwa mtaro unaoziba kila mvua ikinyesha na ghorofa lililoota mahali mabomba ya majitaka hayatoshi.

Ukidhani ni shida ya Kenya pekee, tazama Los Angeles, Marekani. Mwaka wa 2016, gazeti la Los Angeles Times lilifuatilia mradi wa nyumba za kupangisha wa dola milioni 72. Lilipata kwamba zaidi ya watu 100 waliokuwa na uhusiano na mwenye mradi walikuwa wamewachangia wanasiasa zaidi ya dola 600,000. Baadhi yao walikuwa watu wa kipato cha chini, na wengine walipoulizwa walisema hawakumbuki kuchanga chochote. Tume ya mipango ya jiji ilikuwa imeukataa mradi ule. Baraza la jiji likaupitisha.

Halafu kuna José Huizar, aliyekuwa diwani na mwenyekiti wa kamati ya mipango ya jiji hilohilo. Kamati yake ndiyo miradi mikubwa ya ujenzi ilikuwa ikipitia. FBI walivamia nyumba na ofisi zake Novemba 2018. Mwaka wa 2023 alikiri mashtaka, na Januari 2024 akahukumiwa miaka 13 gerezani.

Jiji hilo halikuketi tu kulalamika. Tangu 2011, baada ya wapiga kura kuamua, anayeomba kandarasi ya dola 100,000 au zaidi inayohitaji idhini ya viongozi waliochaguliwa haruhusiwi kuwachangia viongozi hao. Ni lazima aandike kwenye fomu majina ya wakuu wa kampuni yake, ndipo ijulikane nani amefungwa na katazo hilo. Akishinda, katazo linaendelea kwa miezi 12 baada ya kutia sahihi. Mwaka wa 2019, baraza lilipitisha katazo kama hilo kwa wajenzi walio na maombi makubwa ya ujenzi, nalo likaanza kutumika 2022.

Hatua inayofuata kimantiki ni kumtaka mwombaji aseme pia kama amewahi kupatikana na makosa ya aina hiyo. Si kumnyima tenda moja kwa moja. Ni kuliweka jambo mezani kabla afisa hajapiga muhuri.

Je, tunaweza kuliweka swali hilo kwenye fomu zetu hapa? Tunaweza, hata kesho. Lakini tusidanganyane: leo kila mtu atajibu "hapana", na atakuwa anasema ukweli. Huwezi kuwa na rekodi ya kuvunja sheria ambayo haijawahi kutumika.

Kenya ina Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi tangu 2013. Inakataza michango isiyojulikana imetoka wapi. Inasema mtu au kampuni moja isitoe zaidi ya asilimia 20 ya michango yote ya mgombea. Kwenye karatasi ni nzuri. Lakini Bunge liliiahirisha mpaka baada ya uchaguzi wa 2017. Agosti 2021, IEBC ilitangaza viwango, mgombea urais asizidishe Sh4.4 bilioni, nao wabunge wakazikataa kanuni hizo. Tukapiga kura 2022 bila breki. Yaani wanaopokea pesa ndio walioulizwa kama zihesabiwe, wakasema la.

Kwa hivyo swali kwenye fomu ya tenda ni nusu ya kazi. Nusu ya kwanza ni kuiamsha sheria ya 2013 kabla ya Agosti 2027.

Kuna pingamizi mbili za haki. Ya kwanza: gavana anaweza kulitumia swali hilo kuwaadhibu waliomfadhili mpinzani wake. Ndiyo maana fomu isiulize ulimuunga nani mkono, kwani kuchanga kihalali ni haki yako. Iulize tu makosa yaliyothibitishwa na mahakama au tume. Ya pili: mjanja atafungua kampuni mpya ya mkobani na kuanza upya akiwa safi. Hapo jibu tunalo tayari. Sheria yetu ya kampuni inataka wamiliki halisi wenye asilimia 10 au zaidi wasajiliwe. Swali liwafuate watu, lisifuate jina la kampuni. Anayedanganya afungiwe zabuni za serikali, adhabu ambayo kwa sheria yetu ya ununuzi haipungui miaka mitatu.

Na kwa nini wewe ujali? Kwa sababu asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ukisajili kampuni na wenzako watatu, mkajaza kila karatasi, kisha tenda ikaenda kwa aliyelipia jukwaa la mheshimiwa, ile asilimia 30 ni hadithi tu.

Wagombea wa 2027 wameshaanza kutembea mitaani. Akija wako, mwache amalize salamu na ahadi, kisha muulize mambo mawili: nani analipia haya magari, na je, utaunga mkono sheria ya 2013 ianze kufanya kazi? Wewe umeshatoa alama za vidole vyote kumi. Yeye atoe orodha tu.