Chombo Kikichakaa, Shehena Ihamishwe



Ndugu wanafunzi wapenzi, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tungependa kuzungumza nanyi juu ya masomo ya kompyuta ambayo hayafunguki tena.

Wengi wenu hamkuwahi kuitumia programu iitwayo Flash. Ilianza mwaka 1996, na kwa zaidi ya miaka kumi ilitumika sana kutengenezea masomo yenye sauti na picha zinazotembea, katika intaneti na katika CD. Mtoto alibonyeza herufi, akasikia matamshi yake, akafanya zoezi, akaambiwa amepata au amekosa. Masomo ya herufi za Kiarabu na ya tajwidi nayo yalitengenezwa kwa njia hiyo.

Mwezi wa Julai 2017 kampuni ya Adobe ilitangaza kuwa programu hiyo itakoma mwishoni mwa 2020. Ilikuwa na kasoro nyingi za kiusalama, simu za iPhone hazikuipokea tangu mwanzo, na HTML5 ilikwisha kuziwezesha kompyuta kucheza sauti na picha za intaneti bila ya msaada wake. Huduma ilikoma tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash ikazuiwa kuendesha masomo hayo. Sauti ya mwalimu ingali ndani ya faili, lakini haisikiki.

Wako wanaosema: yaacheni yapotee, video ziko nyingi. Sisi hatukubaliani nao. Video hutazamwa tu. Haimngoji mwanafunzi ajibu. Tena huenda mwenye sauti ile amekwisha kutangulia mbele ya haki, na elimu yenye manufaa ni katika mambo ambayo thawabu zake humfikia mtu kaburini. Je, ni uungwana kumfungia mlango huo kwa uvivu wetu?

Tutazame walivyofanya waliotutangulia. Katika ukhalifa wa Abubakar (R.A.), 632 hadi 634, mahafidh wengi waliuawa katika vita vya Yamama. Zaid bin Thabit (R.A.) akapewa kazi ya kuikusanya Qur'ani kutoka katika makuti ya mitende, mawe bapa na vifua vya watu. Imepokewa kuwa hakukubali andiko bila ya mashahidi wawili, ingawa mwenyewe alikuwa hafidh. Hatulinganishi masomo ya kompyuta na Kitabu cha Mwenyezi Mungu, hasha! Tunajifunza adabu ya kuhamisha elimu: kuwahi, na kuhakiki.

Basi nini kifanyike?

Kwanza, yaorodheshwe masomo yote ya zamani, na yachaguliwe yanayofaa.

Pili, litafutwe faili la asili, lenye jina linaloishia na FLA. Faili la SWF ni mkate uliokwisha okwa. Si rahisi kuurudisha kuwa unga. Likikosekana la asili, iko programu ya bure iitwayo Ruffle, ambayo huendesha mafaili mengi ya Flash, ingawa si yote.

Tatu, sauti, picha na maandishi vihifadhiwe mbalimbali, ili chombo kingine kikichakaa kazi isianze upya. Kazi hiyo si ndogo. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanza mwaka 2002, ulitumia miaka mingi kuyaandika upya kwa HTML5 majaribio yake ya sayansi yaliyokuwa ya Flash na Java.

Nne, na hili ndilo kubwa, mwalimu wa tajwidi asikilize kila herufi baada ya somo kuhamishwa. Fundi akiweka sauti ya sin mahali pa swad, kompyuta haitamkosoa, na kila mtoto atakayebonyeza atajifunza kosa.

Ndugu wanafunzi, hata HTML5 itakuwa na mwisho wake. Siku hiyo walimu mtakuwa ninyi. Jifunzeni kompyuta, lakini msiiache tajwidi, kwani asiyejua herufi hawezi kuilinda, hata akiwa fundi hodari namna gani.

Wabillahi tawfiq.