Singe si Mchezo

Wako wazazi hapa Bambu wasemao: "Mwacheni mtoto na michezo ya vita katika simu, ajifunza historia." Sisi twauliza: historia gani?

Singe ni kisu kifungwacho mdomoni mwa bunduki. Wafaransa walikiita kwa jina la mji wa Bayonne, katika karne ya 17. Mchezo uitwao Battlefield 1, uliotoka mwaka 2016, waonyesha Vita Kuu ya 1914–1918: askari hupiga kelele, hukimbia, humchoma mtu, kisha huendelea mbele kama hakuna neno. Kumbe katika vita ile mizinga na risasi ndizo zilizoua wengi. Waliojeruhiwa kwa singe walikuwa wachache sana. Na Wakongo walipoingia Tabora Septemba 1916, nyuma yao wachukuzi wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi na uchovu. Hao nani awashangilia?

Tena, mwenye singe hana budi kumkaribia mwenzake na kumwona uso. Mchezo wauondoa uso huo: aliyechomwa hana mama, na mchezo ukianza upya huinuka.

Sisi watu wa Ituri twajua kwamba hainuki. Mwaka 2012 mahakama ya The Hague ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kuwatia jeshini watoto wasiotimiza miaka 15, katika nchi yetu hii. Basi wazazi, kunyang'anya simu hakutoshi. Keti na mwanao, umwulize: "Huyu uliyemchoma ni mwana wa nani?"