Tunapohama na Watoto, Tunahamia kwa Nani?

 

Ndugu Waislamu, kila mwisho wa mwaka madrasa yetu hapa Mlandege, mjini Iringa, hupoteza watoto. Hawafukuzwi, wala hawachoki kusoma. Wanahamishwa. Mzazi hutungojea mlangoni baada ya sala ya Alasiri, akatushika mkono na kutuambia kwa furaha kwamba amepata nyumba Kihesa, au Mkimbizi, au Mwangata. Nyumba nzima, yenye uwanja na geti. Tunamwombea baraka, na tunamwombea kwa dhati, kwani tunakijua chumba alichokuwa akilala na watoto wanne. Kisha tunaifungua daftari ya mahudhurio na kupiga mstari juu ya majina.

Miaka mitatu iliyopita aliondoka kwa namna hiyo mtoto wa miaka 9 aliyekuwa amekwisha kuhifadhi juzuu mbili, Amma na Tabaarak. Wazazi wake si watu wa kupuuza dini. Baba yake hakuwa akikosa safu ya kwanza Alfajiri. Walihamia Mwangata, kwenye nyumba waliyoijenga wenyewe kidogo kidogo kwa miaka sita. Makubaliano yalikuwa kwamba mtoto ataletwa kwa bodaboda. Wiki za mwanzo aliletwa. Ukaja mwezi wa Ramadhani, akaletwa. Zikaja mvua, akakosa. Halafu dereva waliyemzoea akauza pikipiki yake, na mama hakuwa tayari kumwamini mwingine. Miezi 11 baadaye baba alimleta kutusalimia, nasi tukamtaka asome Surat an-Naba'. Aliishia katikati, akabaki anatazama viatu vyake. Hatukumlaumu mtoto. Baba naye hakuwa na kosa ambalo mtu angeweza kulitaja kwa jina lake. Alikuwa amechagua nyumba nzuri.

Tumeishika kalamu kuandika juu ya jambo hili kwa sababu mwaka jana zamu hiyo ilitufikia sisi wenyewe. Mwenye nyumba wetu alitaka kuvunja upande wa mbele ajenge fremu za maduka, na hiyo ni haki yake. Akatupa miezi mitatu. Tuna watoto watatu: wa kwanza ana miaka 8, wa pili 5, na mdogo wao alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya. Dalali alituonesha nyumba mbili za kodi ile ile, ya kulipwa miezi sita kwa mkupuo. Moja ni vyumba viwili hapa hapa Mlandege, nyuma ya nyumba yenye wapangaji wanne, bomba moja uani na choo cha pamoja. Nyingine ni nyumba nzima Mwangata, upande wa kusini-magharibi mwa mji, inakoanzia barabara iendayo Ruaha: vyumba vitatu, jiko lake, mita ya maji ya peke yetu, na uwanja wa kutosha mtoto kukimbia mpaka akachoka. Tukiri kwamba tulipoiona hii ya pili, moyo ulihama kabla ya vyombo.

Wala moyo huo haukukosea moja kwa moja. Wapo ndugu wanaodhani kila anayetamani nyumba yenye nafasi ameshikwa na dunia. Hadithi ya Sa'd bin Abi Waqqas (RA), aliyoipokea Ibn Hibban, inahesabu mambo manne katika furaha ya mtu, na nyumba yenye nafasi ni mojawapo. Na sisi wa Iringa tunayo sababu zaidi ya hiyo. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ifikapo Juni na Julai watoto hushinda ndani, na familia yenye chumba kimoja huingiza jiko la mkaa na kufunga dirisha. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini. Anayetafuta nyumba yenye hewa na mahali pa jiko anatafuta uhai wa wanawe. Tusiipambe Mlandege nayo kwa sifa isizokuwa nazo: kuna kelele za soko, kuna magari, na usiku wa Jumamosi kuna muziki ambao mtu asiyeutaka atausikia tu.

Lakini Hadithi hiyo hiyo, pamoja na nyumba yenye nafasi, inamtaja jirani mwema. Yamezoeleka midomoni mwa watu maneno ya kwamba jirani hutangulia nyumba, na wengi huyanukuu kama Hadithi. Wanazuoni wa fani hiyo wameidhoofisha sanad yake, kwa hiyo tusimnasibishie Mtume (SAW). Maana yake, hata hivyo, inayo nguvu mahali pengine. Mke wa Firauni alipomwomba Mola wake amjengee nyumba Peponi, kama ilivyo katika Surat at-Tahrim aya ya 11, alitanguliza kuwa karibu Naye, ndipo akaitaja nyumba. Wanazuoni waliuona mpangilio huo wa maneno wakasema: amemchagua jirani kabla ya nyumba.

Aliyetutoa katika kusitasita hakuwa mwanachuoni. Ni mama watoto. Alisema: "Nyumba tumeitazama na dalali saa 4 asubuhi. Tukaitazame na mtoto saa 10 jioni." Tukafanya hivyo. Tulimchukua yule wa miaka 8, tukatoka naye kwenye ile nyumba ya Mwangata kuja madrasa kwa mwendo wake yeye, bila kumvuta mkono. Tulitumia zaidi ya nusu saa, tukipanda, na sehemu kubwa ya njia ni ukingo wa barabara ambako magari hayapunguzi mwendo kwa ajili ya mtoto. Baada ya Maghribi tulirudi kwa njia ile ile. Huku kwetu jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 mwaka mzima, na darasa likimalizika giza limekwisha kuingia. Njia nzima hatukukutana na mtu hata mmoja anayelijua jina la mtoto wetu.

Kesho yake tulifanya hivyo kutoka vile vyumba viwili vya Mlandege. Dakika sita. Katika dakika hizo mtoto anapita mbele ya fundi cherehani, mbele ya mama anayekaanga vitumbua, na mbele ya baraza ya bibi mmoja wa Kihehe, Mkristo, ambaye humsalimia kila mtoto "Kamwene" na hulijua jina la mama yake. Akiwaona watoto wa madrasa wamesimama kucheza, huwauliza mbona leo wamechelewa chuoni. Anatusaidia kazi yetu kuliko baadhi ya wazazi wa Kiislamu. Abdullah bin Amr (RA) alipochinja mbuzi nyumbani kwake, aliuliza mara ya pili kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa. Sisi tunaoishi Iringa, ambako Waislamu ni wachache, tunapaswa kuijua vizuri zaidi Hadithi hiyo, maana mtaa wa Waislamu watupu haupo, na anayeusubiri atahama mpaka azeeke.

Basi hiki ndicho kipimo tunachowaomba wazazi wakitumie. Mtoto wa chini ya miaka 10 hana nauli wala simu. Mtaa wake ni pale miguu yake inapofika na kurudi, na majirani zake ni wale wanaomwona akipita. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, kwa hiyo kinachotofautisha mtaa na mtaa kwa mzazi wa kipato kidogo ni umbali na barabara ya kuvuka. Msimuulize dalali, yeye akishapokea kodi ya mwezi mmoja, kazi yake imekwisha. Muulizeni mjumbe, muulizeni imamu, na zaidi muulizeni mama mwenye watoto wa umri wa wenu, anayeishi nyumba ya tatu kutoka hapo.

Hapa tunalazimika kusema jambo dhidi ya nafsi zetu. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukisema juu ya mimbari kwamba anayejenga mbali na msikiti amewauza wanawe kwa bei ya kiwanja. Siku moja, katika darsa ya kina mama, alisimama mama mmoja wa Mwangata akatuuliza: "Ustadh, sisi tuliokwisha kujenga huko, watoto wetu ni wa nani?" Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani tukaifungua Hadithi ya Bani Salima, tuliyoisoma tukiwa wanafunzi na kuisherehesha kwa Kiarabu kirefu. Watu hao walikuwa na nyumba zao pembezoni mwa Madina, wakataka kuhamia karibu na msikiti. Mtume (SAW) hakuwaruhusu. Aliwaambia wabaki walipo, na hatua zao zitaandikwa. Katika riwaya ya Anas (RA) aliyoipokea Bukhari imetajwa na sababu: hakupenda pembe za Madina ziachwe wazi. Sehemu ya hatua tulikuwa tukiisoma kila mwaka. Sehemu ya pembe za mji tulikuwa tukiipita.

Nazo pembe za mji wetu zinajaa. Mji huu ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1896, miaka miwili baada ya ngome ya Mtwa Mkwawa kule Kalenga kuanguka, sasa umeteremka kila upande wa kilima. Tangu Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilipoanzishwa mwaka 2005, na pamoja na vyuo vikuu vingine vilivyopo, wanafunzi wanagombea vyumba pamoja nasi. Kijana anayeoa leo atapata kiwanja pembezoni au hatapata kabisa. Tukibaki kumlaumu, misikiti ya mitaa ya zamani itabaki na wazee na wenye maduka. Kosa ni letu walimu na kamati zetu: tumeifunga madrasa kwenye ukuta wa msikiti, tukawataka watoto waje kwa bodaboda. Tunachangishana kwa ajili ya vigae na mnara, na darasa la barazani linahitaji ubao, mikeka miwili na mtu wa kufika kwa wakati.

Sisi tulichukua vile vyumba viwili. Mama watoto ndiye anayeungojea mlango wa choo na mtoto mgongoni, kwa hiyo tulimwachia neno la mwisho, naye akasema tukae hapa mpaka mdogo afikishe miaka 7. Wapo watakaoamua vinginevyo kwa sababu zao, na hatuwahukumu. Tunachowaomba wasihame peke yao wala kimya kimya. Familia tatu zikikubaliana kuhamia upande mmoja, zituambie kabla ya kulipa kodi.

Jumamosi na Jumapili tunateremka Mwangata, kwenye baraza ya yule mama aliyetuuliza. Watoto waliopo ni 14, wote wanakuja kwa miguu. Yule aliyekuwa na miaka 9 sasa ana 12, ameanza upya an-Naba', na Jumamosi iliyopita alifika aya ya 30. Kwa upande wa Kihesa na Mkimbizi bado hatuna wa kumtuma. Kijana aliyehitimu, anayesoma kwa tajwidi na anayeweza kutoa saa mbili kila Jumamosi, atuone msikitini baada ya Alasiri.