Fulana ya kupima maji mwilini: ikilia, nani atasikia?

Haya jameni, nimekuwa kimya wiki mbili hivi. Kazi tu. Lakini hili limenikaa kooni, wacha niliseme.

Jumamosi nilikaa na jamaa watatu kwenye mkahawa hapa Kilimani, karibu na Yaya Centre. Wanataka kutengeneza fulana yenye elektrodi za kitambaa, ivaliwe na mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri. Fulana itagundua maji yakianza kujaa kifuani kabla mgonjwa hajaanza kuhema. Mimi niwaandikie programu ya simu. Nina shangazi mwenye ugonjwa huo huo, kwa hiyo nilisikiliza kwa makini.

Na sayansi yenyewe ni safi. Maji ya mwilini yana chumvi, yanapitisha umeme, hewa haipitishi. Unatuma mkondo mdogo sana usiohisika, mara nyingi wa kilohezi 50, kupitia elektrodi mbili, kisha unasoma volti kwenye nyingine mbili. Mapafu yakianza kujaa maji, ukinzani wa kifua unashuka. Basi. Ni ile fizikia ya sekondari. Ulaya wamelijaribu zamani: mradi wa MyHeart, ulioongozwa na Philips miaka ya 2000, ulikuwa na vazi la namna hii.

Kuna kitu kingine ninachokipenda. Vile vifaa vya kubana kidole kupima oksijeni hutumia mwanga, na utafiti uliotoka Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi vilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Umeme hauna habari na rangi ya ngozi yako.

Sasa shida. (Sizungumzii kufua, ingawa shangazi aliuliza papo hapo: "Mwanangu, hiyo nguo naweza kuitia Jik?" Hapana shangazi, uzi wake hupakwa fedha, na Jik itaiharibu.) Shida ni kengele.

Medtronic walishaweka kipimo hiki ndani kabisa ya mwili, kwenye vifaa vya moyo vinavyopandikizwa. Hakuna jasho, hakuna fulana kuteleza. Kisha ukaja utafiti wa DOT-HF, matokeo yake yakatoka 2011: wagonjwa 335, kundi moja kifaa chao kinalia ukinzani ukishuka, kundi la pili hakilii. Waliosikia kengele walilazwa hospitali kwa ajili ya moyo mara nyingi ZAIDI, na vifo havikupungua. Soma tena hiyo sentensi.

Linganisha na Ujerumani, utafiti wa TIM-HF2 wa 2018, wagonjwa zaidi ya 1,500. Vifaa vya kawaida tu: mizani, kipimo cha presha, cha mapigo ya moyo, cha oksijeni. Ila nyuma yake kulikuwa na kituo chenye madaktari na wauguzi saa 24. Siku za kulazwa bila kutarajiwa zilipungua, na vifo pia.

Nami nina ushahidi wangu, wa aibu. Mwaka jana nilimnunulia shangazi mizani. Kila asubuhi anajipima, ananitumia SMS, skripti yangu inalinganisha. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 kwa siku tatu, inanitumia barua pepe. Ikafika siku ilipanda kilo 2.4. Skripti ilifanya kazi yake sekunde ile ile, nimeangalia logi mara ngapi sijui. Mimi nilikuwa nahamisha seva ya mteja, barua pepe nikaifungua baada ya siku mbili. Tayari alikuwa wodini na oksijeni puani. Programu haikuwa na hitilafu hata moja.

Usidhani huu ni ugonjwa wa vikongwe. Utafiti wa THESUS-HF uliochapishwa 2012 ulifuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri: miaka 52. Sababu iliyoongoza: presha. Ndani ya siku 180, karibu asilimia 18 walikuwa wamefariki. Hawa ni watu wenye watoto shuleni. Shangazi ana 53.

Kwa hiyo niliwaambia wale jamaa: nitaandika, lakini skrini ya kwanza ni ya muuguzi, si ya mgonjwa. Na tuanze na mizani. Tukishindwa kuitikia kilo mbili, fulana itatusaidia nini? Wakanionyesha bajeti. Kuna kitambaa, batri, seva, hata nauli ya kwenda Kigali kutafuta wafadhili. Nikatafuta mshahara wa muuguzi, mmoja tu, wa zamu ya usiku. Haupo.

Tunakutana tena Jumamosi. Wameahidi kuja na hesabu mpya. Wakati huo shangazi amenipigia kuniambia kwamba SMS zake sasa anamtumia pia binti wa jirani, mwanafunzi wa uuguzi, "maana wewe una kazi nyingi."