Sehemu ya 7: Juisi ya sherehe, na ndoo ya tatu

Wamama wenzangu wa Katesh, Dongobesh, Haydom na Mbulu mjini, msimu wa ubatizo na kipaimara umefika na swali mnaloniuliza sana inbox ni hili: nesi, watu 120 juisi lita ngapi? Tupige hesabu leo, maana kwangu hili ni suala la afya kabla ya kuwa suala la aibu.

Juisi ikipelea katikati ya sherehe, lazima kuna mtu atakimbilia bombani kuongezea maji. Hakuna wa kumuuliza, wote wako kwenye keki. Ile juisi mliyoitengeneza asubuhi kwa maji ya kuchemsha inakuwa maji mabichi yenye sukari, na watoto wetu ndio wanaoanza kuharisha.

Sasa hao 120 wagawanye. Tuseme watu wazima 80, watoto 30, na wachanga 10 chini ya mwaka mmoja. Wachanga juisi yao ni sifuri. Wa chini ya miezi 6 ni ziwa la mama tu, hata kijiko cha kuonja hapana, bibi atakasirika lakini mwacheni akasirike. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 asizidi mililita 120 kwa siku, yaani nusu kikombe. Watu wazima wape glasi mbili za mililita 200. Hapo unapata lita 32, na watoto kama lita 4. Ongeza kidogo ya wageni wasioalikwa (sisi tunajuana), zinafika lita 40. Ni ndoo mbili kubwa, basi.

Kamati nyingi zinahesabu kila kichwa glasi tatu kubwa, wachanga humo humo. Zinatoka lita 90! Sukari kilo kwa kilo, halafu inayobaki inalala kwenye ndoo na kesho yake watoto wanapewa ikiwa imeshaanza kuchacha. Mimi hiyo hela ningenunulia mayai.

Ndoo ya tatu iwe ya maji matupu ya kunywa, yaliyochemshwa, yenye mfuniko na koki. Huku kwetu ni juu, kwa hiyo maji yakianza kutokota yaache dakika 3 ndipo uepue. Chemsha usiku wa kuamkia sherehe ili yapoe, na chemsha ya ziada ya kuongezea juisi, maana kuongezea kutakuwepo tu. Dumu hilo apewe mama mmoja mkali alikalie.

Barafu nayo ni maji, muulize anayekuuzia kagandisha maji gani.

Kama sherehe ni Juni au Julai, punguza juisi ndoo moja nzima. Baridi ya Mbulu mnaijua, watu watataka chai.